Naomba ushauri: miotonia (misuli kukawia kulegea) ya mwanangu inatokana na kloridi au sodiamu?

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa magonjwa ya misuli.

Mwanangu ana miaka 14. Akikaa muda kisha akainuka ghafla, miguu hukakamaa kama gogo. Akishika kitu kwa nguvu, vidole hukawia kuachia. Baba yake yuko vivyo hivyo tangu utotoni. Kipimo cha umeme wa misuli kimeonyesha miotonia, ila cha jeni bado hatujakipata.

Nimesoma kwamba katika ugonjwa wa Thomsen na ule wa Becker, aina mbili za miotonia ya kurithi, jeni ya CLCN1 ina hitilafu, hivyo utando wa seli ya msuli hupitisha kloridi kidogo mno. Kloridi ndiyo huutuliza utando huo msuli ukishajikunja; ikipungua, potasiamu iliyojikusanya kwenye vijimfereji vya utando huendelea kuuchochea, na msuli hauachii. Hapo nimeelewa. Kinachonitatiza ni hiki: akirudiarudia mwendo hulegea, dalili ya kloridi, lakini baridi humkaza sana usoni, jambo linalotajwa zaidi kwenye hitilafu ya milango ya sodiamu, jeni ya SCN4A.

Kupasha misuli taratibu kabla ya michezo kunamsaidia kweli. Daktari ametaja meksiletini, dawa ya kupunguza kukakamaa huku, lakini moyo upimwe kwanza.

Je, kurudia kipimo cha umeme mkono ukiwa umepozwa kunaweza kutofautisha hali hizi mbili? Na kwa kuwa atafanyiwa upasuaji wa tonsili, mbali na suksametoniamu (dawa ya kulegeza misuli wakati wa usingizi), tumtahadharishe mtoa usingizi kuhusu dawa gani nyingine?