Mrejesho: ushuru wa kodi ya nyumba na wa kazi ya ushonaji

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo kodi ya vyumba vyangu, Sh60,000 kwa mwezi, ningeweza kuijumlisha na mapato ya cherehani, karibu Sh100,000 kwa mwezi, kisha nikatoa gharama za ukarabati kabla ya kulipa ushuru. Nawashukuru mlionijibu, hasa aliyenisihi nisimtegemee karani aliyekuwa akinijazia fomu.

Imebainika kwamba mapato hayo mawili hayachanganywi. Mwenye nyumba mkazi wa Kenya anayepokea kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hulipa asilimia 7.5, kiwango kilichoshuka kutoka asilimia 10 mnamo Januari 2024, na hukatwa katika kodi yote aliyopokea, hata kama ukarabati wa paa umekula nusu yake. Kwangu ni Sh4,500 kila mwezi. Ningeweza kuiandikia Mamlaka ya Ushuru niondolewe katika utaratibu huo ili nitozwe kwa faida ya mwaka, lakini kwa kuwa sina mkopo wa nyumba ambao riba yake ningeitoa kama gharama, sikuona maana.

Ushonaji uko chini ya ushuru wa mauzo, yaani unaotozwa biashara ndogo kwa mauzo yote wala si kwa faida, ambao ulipanda kutoka asilimia 1 hadi 3 mnamo Julai 2023. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu karani alikuwa bado anatumia kiwango cha zamani.

Nimelipa tofauti pamoja na riba, na sasa nawasilisha ritani (fomu za ushuru) zote mbili mwenyewe kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi.