Entiti za Doctrine zinatoka tupu kwenye JSON, msaada wakuu

vipuri_kkoo: Habari za jioni wakuu. Naandika huduma ya wavuti kwa PHP, ya duka la jumla la vipuri hapa Kariakoo. Programu ya simu ya madereva inavuta oda kutoka kwenye sava. Databesi ni MySQL, juu yake Doctrine (maktaba ya PHP inayogeuza rekodi za databesi kuwa objekti, ndizo entiti). Nikiipitisha oda kwenye json_encode (ya kugeuza data kuwa maandishi ya JSON ya kutuma kwenye simu) napata {} basi, na kosa halionekani popote. Nikiweka propati zote (sehemu za data za entiti) ziwe public, yaani zisomeke na msimbo wa nje, data inatoka, ila roho haitulii. Wenzangu mnafanyaje?

fundi_msimbo: Mkuu, json_encode inaona propati za public tu. Zirudishe private, kisha entiti itumie JsonSerializable, ipo tangu PHP 5.4. Ndani ya jsonSerialize() unarudisha arei ya vile unavyotaka vitoke. Umemaliza.

BintiMbagala: Hajamaliza huyo 😂 Oda ina mteja, mteja ana oda zake, kila oda inamrudia mteja. Ukizitoa zote, json_encode inagundua mzunguko na kukurudishia false. Hata usipozunguka, kila uhusiano ambao haujapakiwa ukiugusa, Doctrine anarudi tena kwenye databesi: oda 100 za wateja tofauti, safari 100 za kumtafuta mteja. Na nywila ya mteja iliyofichwa kwa hashi nayo utaimwaga nje?

Ndugu yangu, entiti ni mambo ya ndani ya nyumba. Andika klasi ndogo ya kubeba data, yenye namba ya oda, jina la mteja, jumla, tarehe. Siku ukibadili jina la safuwima, simu za madereva hazitajua. Na wale hawasasishi programu hata uwapigie magoti.

vipuri_kkoo: Dada nimekuelewa. Ila kwa orodha ndefu ya kusoma tu, si kazi nyingi?

BintiMbagala: Hapo tumia getArrayResult() ya Doctrine, ukimuunga mteja kwa join na kumtaja kwenye select ya swali lako la databesi. Chagua safuwima unazohitaji tu. Unapata arei moja kwa moja, entiti haziundwi.

fundi_msimbo: Nakubali. Ila tarehe bado zitakuja kama DateTime, na json_encode itazitoa na vikorombwezo vya timezone_type. Zipitishe kwenye format(DATE_ATOM), na kama PHP umeiwekea saa za hapa kwetu, zitatoka na +03:00. Bei ukiihifadhi kama decimal, Doctrine anakupa maandishi, si namba. Mimi shilingi naweka integer, senti nani anazidai siku hizi?

vipuri_kkoo: Join imekubali, orodha inafunguka fasta. Naingia kwenye tarehe sasa.