Nililipia sensa nne mpya za presha ya tairi, nikafungiwa zile zile zangu za zamani

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira wala sioni sababu ya kuificha, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu ili hata yule ambaye hajawahi kuziona sensa za upepo, yaani vifaa vidogo vya kupima presha vinavyokaa ndani ya tairi, aelewe jinsi nilivyodhulumiwa. Karakana moja ya tairi hapa Kampala ilipokea fedha zangu kwa ajili ya sensa nne mpya, ikang'oa sensa za zamani kwenye rimu zangu za aloi, ikazifunga kwenye rimu zangu za chuma, kisha ikanirudishia zile za aloi zikiwa na valvu za mpira za kawaida na kuniambia kwamba kazi imekamilika. Ni sawa na mtu aliyekuvua koti lako, akalipiga pasi, akakuuzia kama jipya. Kwa sasa sitaji jina la karakana hiyo kwa sababu nimeshawaandikia barua ya madai na ninataka shauri lenyewe lisivurugike.

Gari langu ni Subaru Forester ya mwaka 2016 iliyoingizwa kutoka Uingereza. Kazi yangu hunipeleka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mara kwa mara, na anayeifahamu njia hiyo anajua kwamba ukishapita Moroto kuelekea Kotido na Kaabong unakutana na vumbi, makorongo na mawe yenye ncha, ambayo hayana huruma kwa tairi laini za lami. Kwa hiyo ninamiliki seti mbili za magurudumu: rimu za aloi zenye tairi za mjini, na rimu za chuma zenye tairi nzito za meno makubwa kwa ajili ya safari. Sensa zilikuwa kwenye seti ya kwanza tu, nami nilitaka seti ya pili nayo iwe na zake, ili niweze kubadilisha magurudumu nyumbani kwa jeki na spana bila kuipeleka gari karakana kila ninaposafiri.

Ili ubaya wa walichokifanya uonekane, lazima nieleze kidogo jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi. Sensa ni kijisanduku cha plastiki kinachokaa ndani ya rimu, kikiwa kimeshikana na shina la valvu. Hupima presha na joto la upepo ulio ndani ya tairi, kisha hutuma vipimo hivyo kwa mawimbi ya redio pamoja na namba yake ya utambulisho ambayo haifanani na ya sensa nyingine. Kompyuta ya gari husikiliza namba zile tu ilizoandikiwa. Yapo magari ambayo huzijifunza sensa mpya yenyewe baada ya kuendeshwa kwa muda, na yapo mengine, kama langu, ambayo hayaitambui sensa mpya mpaka fundi aunganishe mashine na kuiandika namba yake. Tena sensa za magari ya Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, ilhali nyingi za magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani na Marekani hutumia 315, na ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ndiyo maana sikwenda kununua sensa kuukuu kwenye meza za vipuri, bali nilitafuta karakana iliyodai kuwa na mashine na ujuzi.

Nilichoomba kilikuwa wazi. Zipo sensa zinazouzwa zikiwa tupu, ambazo fundi anaweza kuziandikia namba zile zile za sensa za zamani, hivyo kompyuta haioni tofauti yoyote unapobadilisha seti. Sharti lake kubwa ni kwamba seti isiyotumika ikae mbali na gari, maana sensa zenye namba moja zikituma vipimo viwili kwa wakati mmoja kompyuta itachanganyikiwa. Meneja alinisikiliza, akakubali, na risiti yake inasomeka hivi: sensa 4 mpya, kunakili namba, kufunga na kubalansi. Nililipa shilingi 720,000 taslimu.

Sasa tazameni jinsi udanganyifu huu ulivyopangwa na mtu anayeijua kazi yake vizuri. Sensa ikihamishwa kutoka rimu moja kwenda nyingine ya gari lile lile, haihitaji kuandikishwa upya, kwa kuwa namba yake imeshajulikana kwenye kompyuta. Kwa hiyo nilipoondoka pale nikiwa nimefungiwa rimu za chuma, taa ya dashibodi ilizimika kama inavyotakiwa na kila kitu kilionekana sawa. Rimu za aloi zilipakiwa kwenye buti, na nilipouliza kwa nini valvu zake zimekuwa nyeusi za mpira badala ya zile za alumini zenye nati, nilijibiwa kwamba sensa mpya za siku hizi huja na valvu za mpira, na kwamba zile mpya wamezifunga kwenye aloi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa sababu sensa za aina hiyo zipo kweli, na hapo ndipo uongo wao ulipojificha.

Niliporudi kutoka Karamoja na kufunga rimu za aloi, taa ya tairi ilimweta kwa muda wa kama dakika moja kisha ikabaki imewaka. Wenye magari yenye mfumo huu wazingatie jambo hili: taa inayowaka moja kwa moja bila kumweta inasema upepo umepungua, lakini taa inayomweta kwanza ndipo ikatulia inasema mfumo wenyewe una hitilafu, na mara nyingi maana yake ni kwamba gari halizisikii sensa zake. Nilirudi pale pale. Fundi hakuchukua hata kipimo cha upepo. Aliinama, akaitazama dashibodi, akaniambia, "Ssebo (yaani bwana), hiyo ni taa tu, gari lenyewe halina shida." Nilipokataa kuondoka, alinipa masuluhisho mawili ambayo mpaka leo yananichemsha damu. La kwanza ni kuifunika taa kwa utepe mweusi. La pili ni kununua sensa nne nyingine, kuzifungia ndani ya bomba la plastiki lililojazwa upepo na kuliweka bomba hilo kwenye buti, ili kompyuta isome presha ya bomba na taa isiwake tena kamwe. Yaani gari litangaze kwamba tairi zote nne ni nzima hata kama moja imebaki inaburuzwa kwa rimu, na mtu anayetoa ushauri huo anajiita fundi wa usalama wa tairi.

Nilikwenda karakana nyingine. Kijana wa pale alichukua kifaa cha mkononi cha kuziamsha sensa, akakisogeza karibu na kila valvu ya rimu za aloi, na yote manne yakawa kimya. Alipolifungua gurudumu la kwanza, ndani hamkuwa na kitu isipokuwa kitako cha valvu ya mpira na vumbi. Yote manne yalikuwa hivyo. Kisha tukafungua yale ya chuma, na humo tukazikuta sensa zenye namba zile zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya uchunguzi wa kompyuta niliyopewa siku niliponunua gari, tarakimu kwa tarakimu. Karatasi hiyo ninayo, picha za sensa ninazo, na risiti ninayo.

Hata kuzihamisha kwenyewe walikufanya kwa mikono michafu. Sensa mojawapo ina kovu refu ubavuni, pale chuma cha mashine ya kufungulia tairi kilipoipiga, kwa sababu fundi hakujishughulisha kuizungusha rimu ili sensa iwe mbali na sehemu inayobanwa. Valvu ya alumini inapofunguliwa inatakiwa ibadilishiwe mpira wake wa kuzuia upepo, nati, kizuizi cha ndani na kofia, vitu ambavyo huuzwa pamoja kwa bei ndogo kabisa. Wao waliurudisha mpira uliokwisha kubonyea na kupasuka, na ndani ya shina la alumini wakaingiza kizuizi cha shaba tupu badala ya kile kilichopakwa nikeli. Shaba na alumini zikikutana kwenye unyevu, alumini huliwa. Shina lile lilikuwa limeshaanza kutoa unga mweupe, na kizuizi kilikuwa kimeng'ang'ania kiasi kwamba kijana yule alishindwa kukitoa bila kulivunja. Kumbe ndilo gurudumu lililokuwa likipoteza upepo polepole safari nzima, nami nikilijaza kila asubuhi nikidhani ni mwiba. Kuhusu kubalansi, hakukuwa na kipande kimoja cha risasi, kile kizito cha kusawazisha mzunguko wa gurudumu, kwenye rimu yoyote kati ya zile nne za chuma.

Wapo watakaosema kwamba magari mengi Uganda hayana mfumo huu na watu wanasafiri salama. Ninawajibu kwamba tairi iliyopungukiwa upepo hujikunja zaidi ubavuni kila inapozunguka, hupata joto, na ikiwa imebeba mzigo kwenye lami ya mchana inaweza kuachana matabaka ukiwa kwenye mwendo. Marekani ilipitisha mwaka 2000 sheria iliyozaa ulazima wa mfumo huu baada ya tairi za Firestone kupasuka kwenye magari ya Ford Explorer na kuua watu zaidi ya 200, na kufikia Septemba 2007 magari yote madogo mapya ya huko yalitakiwa kuwa nao. Umoja wa Ulaya ukaufanya kuwa lazima kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Taa ile iliwekwa kwa sababu ya makaburi, na hakuna fundi mwenye haki ya kuifunika kwa utepe.

Tena jambo hili halinihusu mimi peke yangu. Tangu mwaka 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo miongoni mwa magari yanayoingia sasa yapo ya kizazi chenye sensa, hasa yatokayo Uingereza. Betri ya sensa imefungiwa ndani na haibadilishwi, na hudumu takriban miaka 5 hadi 10. Maana yake ni kwamba maelfu ya sensa zilizoko barabarani zinakaribia kufa, wenye magari watahitaji mpya, na kila mmoja wao atasimama mbele ya kaunta kama ile bila uwezo wa kuona kilichofungwa ndani ya tairi yake.

Ninachokidai ni hiki: warudishe shilingi 720,000, walipe gharama ya sensa waliyoijeruhi, pamoja na ile ya kufungua magurudumu yote manane. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma kwa malipo aifanye kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Meneja amenijibu kwa simu kwamba niende popote ninapotaka. Nitakwenda kwenye utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10.

Wenye kupeleka magari kwenye kazi ya namna hii, ninawasihi mambo machache. Piga picha ya namba za sensa zako kabla hazijaguswa, simama karibu na mashine tairi inapofunguliwa, na ukatae kuondoka mpaka fundi apitishe kifaa mbele yako kwenye magurudumu yote manane na uone kila moja likijibu. Kama anasema kifaa chake kimeharibika siku hiyo, chukua magurudumu yako uondoke.

Na kama kuna mwingine hapa aliyeuziwa sensa zake mwenyewe, au aliyerudishiwa rimu zenye valvu za mpira bila maelezo, naomba aandike hapa chini ni mwezi gani na sehemu gani ya Kampala, bila kutaja jina la karakana, na aihifadhi risiti yake. Nitahitaji mashahidi.