Shati la miaka 19 iliyopita: ni haki linifungie mipaka hadi leo?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nikiwa na miaka 20 niliiba shati dukani. Nikakamatwa mlangoni, kesho yake mahakamani, nikakiri, nikalipa faini, nikarudi nyumbani. Sasa nina miaka 39 na watoto wawili, sijarudia. Mdogo wangu anaoa Marekani. Fomu ya viza inauliza kama nimewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama nilisamehewa. Jibu ninalo. Ninachowauliza ni hiki: ni haki nipimwe leo kwa kijana yule?

kadogo_mbishi
Weka "Hapana" ukale harusi. Faini ya miaka 19, nani ataifukua? Jalada limeshaliwa na mchwa.

Wakili wa Kijiweni
Kadogo, usimpoteze mwenzio. Wizi mdogo Marekani una mlango wake: kosa liwe hilo moja tu, adhabu yake ya juu isizidi mwaka mmoja, na hukumu uliyopewa isizidi kifungo cha miezi 6. Hapo kosa peke yake halikuzuii. Uongo ndio unaokuzuia, tena uongo huo hauishi muda; miaka 30 ikipita bado utaomba kibali maalumu cha kusamehewa. Uingereza ukidanganya kwenye maombi unafungiwa miaka 10, Kanada 5. Na hizo nchi zinapeana alama za vidole, pamoja na Australia na New Zealand. Nenda mahakamani uombe nakala ya hukumu, uiambatanishe.

Jiwe la Pembeni
Niseme lisilopendwa. Nchi ni nyumba ya watu, na mwenye nyumba ana haki ya kujua anamkaribisha nani. Mwizi ni mwizi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mleta mada
Jiwe, nimesoma sentensi yako mara tatu. "Mwizi ni mwizi." Hukumu yangu iliandikwa na hakimu na ikaisha siku ileile. Yako inaisha lini?

BintiSaumu
Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na wewe Jiwe, mwezi uliopita hapahapa ulisimulia ulivyoendesha gari usiku na bia nne kichwani ukafika salama. Tulisoma wote. Huyu alikamatwa, wewe hukukamatwa. Sioni tofauti nyingine.

Jiwe la Pembeni
Bia na wizi wapi na wapi? Sikuchukua cha mtu. Hilo ni kosa la barabarani, unalipa faini yanaisha. Msinichanganye na wezi.

Dereva wa Masafa
Jiwe, mwambie hivyo afisa wa Kanada! Mwenzangu alitiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, akarudishwa uwanjani na mabegi yake. Ila nakumbuka ikipita miaka 10 wanakuhesabu umejirekebisha, unaingia bila kuomba.

Wakili wa Kijiweni
Hiyo ya miaka 10 ni kwa waliofanya kosa kabla ya tarehe 18 Desemba 2018. Siku hiyo Kanada ilipandisha adhabu ya juu ya kuendesha ukiwa umelewa ikawa kifungo cha miaka 10, kwa hiyo uhamiaji wanalihesabu jinai nzito. Aliyelifanya baada ya hapo hasafishwi na muda peke yake. Anasubiri miaka 5 tangu amalize adhabu, ndipo aombe kutambuliwa kuwa amejirekebisha. Kabla ya hapo labda apate kibali cha muda, na lazima awe na sababu ya maana. Marekani nao, ukikamatwa kwa pombe ndani ya miaka 5 unaweza kupelekwa kwa daktari, na viza uliyo nayo mkononi ikafutwa.

kadogo_mbishi
Kwa hiyo shati linapita na bia inazuiwa. Jiwe, umesikia?

Jiwe la Pembeni
Nimesikia, na naona ni uonevu. Mtu hajamgusa mtu, halafu anaitwa mhalifu mzito kwa sababu ya glasi mbili.

Amani ya Roho
Ninasoma kimyakimya tangu juzi, ila hapa siwezi kunyamaza. Dada yangu aligongwa na mtu wa glasi mbili. Aliyemgonga alikuwa ameshawahi kulipa faini kwa kosa hilohilo, na kila mtu akaliita dogo. Nauliza: dogo kwa nani? Shati lile dukani walilirudisha rafuni. Mimi sijarudishiwa kitu.

BintiSaumu
Pole sana dada. Pole.

Jiwe la Pembeni
Pole, Amani. Sikukulenga wewe. Lakini msitumie msiba kunifunga mdomo. Mimi sikugonga mtu.

Amani ya Roho
Hata yeye, mara ya kwanza hakugonga mtu.

Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, tulieni kidogo. Ukubwa wa kosa unategemea nani kalishika. John Lennon, yule mwanamuziki wa Uingereza, alitozwa faini ya pauni 150 London mwaka 1968 kwa kukutwa na bangi. Marekani ikatumia faini hiyo kutaka kumfukuza kuanzia 1972. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikamwokoa, kwa kuwa sheria ya Uingereza wakati ule ilimtia mtu hatiani hata kama hakujua kuwa kitu kile kipo kwake. Kesi ilikwenda miaka hiyo yote kwa sababu ya pauni 150.

Dereva wa Masafa
Mzee, huyo alikuwa na mawakili na pesa. Mwenye pasipoti na begi moja anasimama mbele ya dirisha, anaulizwa maswali matatu, anaambiwa asante, mwingine aje. Hapo ndipo haki inapopotea, wala si kwenye kifungu cha sheria. Mlango anaousema Wakili ni wa kweli, lakini ni wangapi wanaoujua? Wengi wanatishika, wanaandika "Hapana", wanaharibikiwa kabisa.

Mleta mada
Nimeandika "Ndiyo". Nikaeleza kwa mistari minne: mwaka, kosa, faini, na kwamba sijarudia. Mahakamani karani ameniambia jalada litatafutwa, nirudi Jumatatu. Mkono ulinitetemeka kuliko siku ile kizimbani. Bado naona si haki, Wakili, lakini asante.

Jiwe, sina kinyongo. Ila usiendeshe umekunywa.

kadogo_mbishi
Wakili, nami nina langu. Mwaka 2011 nilikamatwa kwenye vurugu za uwanjani, nikalala ndani usiku mmoja, asubuhi wakaniachia bila kesi. Sikutiwa hatiani. Na hiyo naiandika?

Wakili wa Kijiweni
Kwa fomu ya Marekani, ndiyo. Imetaja kukamatwa. Ulipewa karatasi yoyote ulipoachiwa?

kadogo_mbishi
Sikupewa kitu.

Wakili wa Kijiweni
Basi anzia kituo ulicholala. Nenda na tarehe kamili.