Taya lilikuwa likialika sasa limekaza, MRI ni lazima kweli?

BintiMkomani
Assalam aleikum jamaa. Mwenzenu taya la kulia lanisumbua toka Mfungo Sita. Mwanzo lilikuwa likialika tu nikitafuna, kach kach, hata mume wangu akisikia akicheka. Sasa kule kualika kumekoma kwenyewe, nikashukuru, kumbe ndo mambo yameharibika, mdomo haufunguki, vidole viwili vyaingia kwa tabu na hamri nalikata vipande vidogo kama namlisha mtoto. Nimepigwa eksirei nikaambiwa mfupa uko sawa, halafu daktari wa meno ataka nende Mombasa nikapigwe MRI. Kama mfupa uko sawa MRI yatafuta nini? Boti hadi Mokowe, basi, kulala, si mchezo.

picha_mld
Waaleikum salam dada. Hizi mashine ndo kazi yangu, niko Malindi. Pale mbele ya sikio, baina ya kichwa cha taya na fuvu, kuna kisahani cha gegedu, chembamba katikati kinene pembeni. Eksirei haikioni kabisa, hata CT skani yaonyesha mfupa tu vizuri zaidi. Kisahani kikiteleza mbele, ukifungua mdomo mfupa waruka kukirudia, hiyo ndo ile kach. Kualika kukikoma na mdomo ukikaza, mara nyingi mfupa umeshindwa kukirudia, kimebaki mbele kimezuia njia. MRI ndo hukiona, na ndo maana picha yake hupigwa mara mbili, mdomo umefungwa halafu umefunguliwa, waone kisahani chaenda wapi, na kama kiungo kina maji yang'aa meupe. Mionzi hamna, MRI ni sumaku na mawimbi ya redio.

MamaSwafi
Mimi nilipigwa mwaka jana dadangu. Walinivisha vitu kama spika mbili, kila upande wa uso kimoja, nikaingizwa kichwa ndani, kelele zake utadhani mafundi wapigilia jahazi misumari na wewe umelala ndani yake. Hilo si tabu. Tabu ni ile picha ya mdomo wazi, walinitilia bomba la sindano (bila sindano jamani) baina ya meno niling'ate nisitikisike, mate yajaa, kumeza huwezi, nikawa nasoma Kulhuwallahu kimoyomoyo. Yote ilikuwa kama nusu saa. Ukiogopa mahali pa kubana waambie mapema.

mzee_kahawa
Mimi nina neno. Muulize huyo daktari, picha ikitoka vile au hivi, dawa itabadilika? Manake kuna watu wengi tu kisahani kimehama na hawaumwi chochote, sasa ukitibu picha badala ya mtu utazunguka sana. Kijana wangu taya lilimkaza, kumbe ni muguka (yale majani ya kutafuna kama miraa), shavu limejaa toka alasiri hadi usiku wa manane kila siku! Aliacha (alilazimishwa), akala uji na vitu laini, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya, na plastiki ya kuvaa menoni usiku maana alikuwa akisaga meno. Akafunguka bila sumaku ya mtu.

picha_mld
Mzee hapo sikupingi, wengi hupona bila upasuaji. Ila kijana wako sidhani alianza kwa kualika halafu kukakoma ghafla kama huyu dada. Kwa hali kama yake, na kama dawa za kawaida zimeshindwa au wafikiria sindano ya kiungo, picha ina kazi. Dada, ushavaa ile plastiki? Na una chuma chochote mwilini, betri ya moyo, waya za meno? Waya huharibu picha palepale tunapotaka kuona.

BintiMkomani
Plastiki sijapewa, nimepewa vidonge tu vya maumivu wiki moja. Nitarudi kwa daktari Jumatatu nimuulize hilo la mzee kwanza. Muguka sitafuni mzee wangu, lakini ubuyu naukiri. Chuma sina, ila kipini cha pua je? Hiki nilitiwa nikiwa mwali na hakijatoka hata siku moja.

MamaSwafi
Kitolewe! Hata pini za mtandio zote waliniokota moja moja. Kama hakitoki pitia kwa sonara kabla hujapanda boti, mimi nilikatiwa changu mlangoni kwa playa ya fundi wa stima.

BintiMkomani
Ya Rabbi 😭 haya naenda kwa sonara