Kwa nini ratiba ya Michezo ya Paralimpiki inachanganya madaraja badala ya kuyatenga?

Mpangaji_Mgeni aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nimeteuliwa katika kamati ndogo inayoandaa mashindano ya riadha na kuogelea ya watu wenye ulemavu, na kazi niliyokabidhiwa ni ratiba. Ili nisianze na karatasi tupu, nilichukua ratiba ya Michezo ya Paralimpiki ya Paris 2024 nikaipitia siku kwa siku, nikitarajia kukuta utaratibu ambao ningeweza kuupunguza ukatutosha. Nimeishia na maswali zaidi kuliko majibu.

Kwanza, madaraja, yaani makundi ya wachezaji kwa aina na kiwango cha ulemavu, yametawanywa. Nilidhani ingekuwa nafuu kwa kila mtu iwapo siku moja wangeshindana wanaotumia viti mwendo, siku nyingine wasioona, na nyingine wenye mtindio wa ubongo. Lakini nimekuta kipindi kimoja cha asubuhi kikiwa na viti mwendo, miguu bandia, wasioona na warushaji wanaokaa, wote kwa pamoja. Pili, fainali ya mita 100 ya daraja la T11, yaani wasioona kabisa, ina wakimbiaji wanne tu ilhali njia za uwanjani zinatosha wanane. Tatu, katika kuogelea yapo mashindano yenye mchujo asubuhi na yapo yanayoingia fainali moja kwa moja jioni, nami sikuelewa nani anaamua hivyo. Nitawashukuru sana mkinieleza sababu, maana sitaki kunakili jambo nisilolielewa.

Filimbi_ya_Mwisho alijibu:

Ndugu Mpangaji, karibu. Mimi ni mwamuzi wa riadha, kwa hiyo nitasema ya uwanjani na kuwaachia wengine ya bwawani.

Naomba tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengi kabla ya busara ya mpangaji kuingia. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilikuwa na mashindano ya medali 329 katika michezo 32. Paralimpiki iliyofuata, yenye michezo 22 tu, ilikuwa na mashindano ya medali 549, na yote yalipaswa kukamilika kati ya tarehe 29 Agosti na 8 Septemba. Riadha peke yake ilibeba 164, na kuogelea 141. Mbio za mita 100, ambazo kwenye Olimpiki zina fainali mbili, hapa zina fainali zaidi ya 20, kwa sababu wanariadha hugawanywa kwa aina na kiwango cha ulemavu ili ushindi utokane na uwezo wa mchezaji na wala si na tofauti za maumbile. Hii ina maana kwamba uwanja mmoja hutoa washindi wa mashindano zaidi ya 16 kila siku, na kila ushindi una sherehe yake, jukwaa lenye mteremko wa kupandishia viti mwendo, na wimbo wa taifa usiopaswa kukatizwa na mlio wa bastola ya mwanzishaji.

Kuhusu T11, mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwongozaji aliyeunganishwa naye kwa kamba fupi, na katika mbio fupi wawili hao hupewa njia mbili. Njia nane, basi, zinatosha wakimbiaji wanne. Chukua washiriki 16: katika daraja la wanaoona ungewamaliza kwa mchujo mara mbili na fainali, lakini hapa unahitaji mchujo mara nne, nusu fainali mbili, kisha fainali. Mbio zinakuwa saba badala ya tatu, yaani muda unaongezeka zaidi ya mara mbili, na miguu inayochoka ni minne, si miwili. Wapangaji wengi huhesabu mapumziko ya mkimbiaji wakamsahau mwongozaji, ambaye pengine siku hiyohiyo anamwongoza mchezaji mwingine wa timu yake. Kwenye michezo ya Sydney mwaka 2000, Henry Wanyoike wa Kenya alimaliza mita 5000 na kutwaa dhahabu huku karibu amburute mwongozaji wake aliyekuwa ameishiwa nguvu. Kila ninapopanga muda kati ya mchujo na fainali, huwafikiria wote wawili.

Warushaji wanaokaa nao wanahitaji maelezo. Mchezaji huletwa kwenye duara la kurushia, kiti chake maalumu hufungwa chini kwa mikanda inayokazwa kutoka pande kadhaa, mwamuzi hupima kwamba kimo cha kiti pamoja na mto wake hakizidi sentimita 75, kisha mchezaji mwenyewe hufungwa kwenye kiti, na baada ya hapo ndipo hurusha. Kwa kuwa haingewezekana kurudia kazi hiyo yote kwa kila zamu, kila mmoja hurusha mitupo yake mfululizo hadi amalize, ndipo kiti kifunguliwe na cha anayefuata kifungwe. Shindano la tufe la watu kumi waliosimama haliwezi kulinganishwa na la watu kumi waliokaa. Ukiyapa muda sawa kwenye ratiba yako, kufikia saa sita mchana utakuwa umechelewa kwa kiasi ambacho hakuna tangazo litakaloweza kukirekebisha.

Lingine ni kimya. Mrukaji wa kuruka chini asiyeona husikiliza makofi au sauti ya msaidizi wake anayesimama upande wa pili wa ubao, naye hukimbia kuielekea sauti hiyo akiwa amefunikwa macho. Mashabiki wakishangilia mita 400 zinazomalizikia upande huohuo, anapotea. Kwa hiyo shindano hilo linapangwa palipo na upungufu wa mbio, na mwamuzi wa shimo la kurukia huwasiliana na mwanzishaji kabla ya kila mruko. Ndiyo maana utaona nafasi kwenye ratiba zinazoonekana kama muda uliopotea, na kumbe zimewekwa kwa makusudi.

Tabibu_Viungo alijibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Bwana Filimbi. Naomba nijibu swali la kwanza, la kutenga madaraja kwa siku, kwa sababu ndilo ambalo huwaponza waandaaji wapya.

Kuweka viti mwendo vyote siku moja kunapendeza kwenye karatasi, lakini kunawapeleka watu wote wenye mahitaji yanayofanana kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja. Basi lenye sakafu ya chini hubeba viti mwendo vichache mno kuliko abiria wanaoketi, na kila kimoja kinafungwa kabla basi halijaondoka. Vyoo vyenye nafasi ya kutosha ni vichache. Karakana ya kutengeneza viti na viungo bandia, huduma ambayo imekuwapo kwenye Paralimpiki tangu Seoul 1988, ingefurika siku hiyo na kukaa bila kazi kesho yake. Unapochanganya madaraja katika kipindi kimoja, mzigo huo unagawanyika, na mchezaji ambaye gurudumu lake limepinda asubuhi anapata fundi wa kumhudumia kabla ya jioni.

Kuna pia mwili wenyewe. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hawezi kutoa jasho ipasavyo chini ya mahali alipoumia, hivyo mwili wake haupoi kama wa wengine. Wachezaji wa raga ya viti mwendo hunyunyiziwa maji usoni na mikononi ndani ya ukumbi, achilia mbali juani. Watu hawa usiwapange saa nane mchana kwenye lami au kwenye tartani ya wazi. Vilevile usiwapange katika mbio za kwanza za alfajiri bila kuuliza, maana kuamka, kuhudumiwa, kuvaa na kufika uwanjani kunaweza kuwachukua saa kadhaa, na wewe ukiandika saa mbili asubuhi, huenda umewaandikia kuamka saa tisa usiku. Hapa mahitaji mawili yanapingana, joto na asubuhi, na sijaona ratiba iliyoyaondoa yote mawili. Kwa kawaida mimi hushauri jioni.

Mwisho, upimaji wa madaraja. Wapo wanaofika wakiwa hawajapimwa kimataifa, na wapo ambao hali yao inapaswa kupitiwa upya. Wote hupimwa siku chache kabla ya mashindano, na wengine huendelea kuangaliwa katika shindano lao la kwanza. Mtu akihamishwa kutoka T37 kwenda T38, ambayo ni madaraja mawili ya wenye mtindio wa ubongo, mashindano mawili yanabadilika: moja limepungukiwa, jingine limeongezeka na pengine sasa linahitaji mchujo. Kwa sababu hiyo, shindano la kwanza la wasiopimwa kikamilifu lisikae saa chache tu baada ya upimaji, na upande wa pili lisicheleweshwe mno, kwa kuwa likichelewa hakuna tena muda wa kusikiliza rufaa.

Kocha_Bwawani alijibu:

Ndugu Mpangaji, jibu la swali lako la tatu ni fupi. Waogeleaji wakiwa wanane au pungufu, hakuna wa kuchujwa, kwa hiyo shindano huingia fainali jioni. Anayeamua ni idadi ya walioandikishwa, na ndiyo sababu orodha ya mwisho ya washiriki huweza kufuta nusu ya kipindi chako cha asubuhi.

Katika suala la kuchanganya madaraja nakubaliana na Daktari kwa sehemu tu. Ndani ya kipindi, changanya. Lakini mashindano ya daraja moja yasambaze katika siku zote kwa mpango maalumu, kwa sababu muogeleaji mmoja hana shindano moja. Anaweza kuwa S9 katika mitindo huru, chali na kipepeo, SB8 katika mtindo wa chura, na SM9 katika mchanganyiko wa mitindo. Ukitazama madaraja kama masanduku yaliyofungwa, hutaona kwamba SB8 na S9 ni mtu yuleyule anayepanda kutoka majini akihema. Njia ninayoiamini ni jedwali la jozi: andika mashindano yote juu na yote pembeni, na katika kila makutano jaza idadi ya watu walioandikishwa katika yote mawili. Makutano yenye namba kubwa yapeleke siku tofauti. Yenye sifuri yaweke karibu utakavyo.

Riadha ina hilohilo. Tatyana McFadden wa Marekani alipata medali kuanzia mita 100 hadi marathoni kwenye Rio 2016, na Marcel Hug wa Uswisi alishinda mita 800, 1500, 5000 na marathoni kwenye Tokyo. Mbio hizo za viti mwendo zisingewezekana kwa watu hao kama marathoni isingewekwa siku ya mwisho.

Jambo moja dogo: waogeleaji wa S1 hadi S3, wenye ulemavu mkubwa zaidi, wengi huanzia majini, nao huingizwa na kutolewa kwa msaada. Wape dakika za kutosha kabla ya kundi linalofuata, na wala tusisikie mtangazaji akiwaharakisha.

Mpangaji_Mgeni aliandika tena:

Nimenufaika kuliko nilivyotarajia. Asanteni, Bwana Filimbi, Daktari na Kocha. Yamebaki mawili. Wenzangu wa kamati wanasema saa za jioni, ambapo watazamaji ni wengi, tuwape wale wanaokimbia kwa kasi zaidi, kwa maana ya T64 (miguu bandia) na T54 (viti mwendo), na tuwaweke wenye ulemavu mkubwa zaidi asubuhi. Je, hilo ni sawa? Na je, siku ya akiba kwa ajili ya hali ya hewa inahitajika hata kwa mashindano madogo?

Kocha_Bwawani alijibu:

La kwanza si sawa, na naomba ulikatae hata kama utabaki peke yako kwenye kikao. Kasi haipimi thamani ya shindano. Ukiwaweka wenye ulemavu mkubwa asubuhi kila siku, unawapa viti vitupu kila siku, na mwaka unaofuata mtu mmoja ataleta hoja kwamba mashindano yao hayana watazamaji, hivyo yafutwe. Isitoshe, Daktari amekwisha kueleza kwamba asubuhi ndiyo inayowagharimu zaidi. Paris ilikuwa Paralimpiki ya kwanza ambayo michezo yote 22 ilirushwa moja kwa moja, na watu walitazama hata michezo ambayo wapangaji wa zamani wangeificha. Zungusha: kila kundi lipate jioni yake.

Filimbi_ya_Mwisho alijibu:

Namuunga mkono Kocha. Ongeza jambo hili la kiutendaji: jioni yenye fainali za makundi matatu tofauti huwavuta ndugu na marafiki wa makundi yote matatu, na uwanja hujaa.

Kuhusu akiba, ndiyo, iweke hata kama ni nusu siku. Triathloni ya Paris, yaani kuogelea mtoni, baiskeli na mbio kwa mfululizo, ilikuwa na mashindano ya medali 11 yaliyopangwa kwa siku mbili, tarehe 1 na 2 Septemba. Mvua ilipotabiriwa, waandaaji waliyasogeza yote tarehe 1. Mvua ikanyesha mapema, maji ya mto Seine yakaharibika, na yote yakahamishiwa tarehe 2. Yalifanyika kwa sababu siku ya pili ilikuwapo na barabara zilikuwa bado zimefungwa kwa ajili yao. Jihadhari pia na kumbi zinazotumika kwa zamu. Ukumbi wa Grand Palais ulikuwa na taekwondo hadi tarehe 31 Agosti, na mchezo wa kupigana kwa vitara kwenye viti mwendo ukaanza tarehe 3 Septemba. Siku hizo mbili za katikati zilikuwa za kubadilisha ukumbi, na mwenye haraka angezihesabu kuwa akiba. Siku ya kubadilisha ukumbi usiihesabu kamwe kama siku ya akiba.

Kwa mashindano yenu, anza na jedwali la Kocha mara tu uandikishaji unapofungwa, kisha weka warushaji wanaokaa kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ndio wanaochukua duara kwa muda mrefu zaidi na hawawezi kubanwa. Wasioona wa kuruka chini wafuate. Mbio za njia zijaze nafasi zinazobaki. Ratiba uipeleke kwa makocha ikiwa na neno “rasimu” hadi matokeo ya upimaji wa madaraja yatoke, na katika rasimu hiyo andika saa ya kuripoti kwenye chumba cha kuitiwa majina, siyo saa ya kuanza tu, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo msaidizi wa mchezaji anaitumia kupanga asubuhi yake.