Ana homa ya ini B na C kwa pamoja. Aanze dawa za C au asubiri?

Mwana_Tanga
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu wa kiume alikwenda kuchangia damu, baadaye akapigiwa simu arudi. Kaambiwa ana homa ya ini B na C, zote mbili. Haumwi popote, macho meupe, anabeba mizigo kama kawaida. Daktari mmoja kamwandikia dawa za C za wiki 12, akasema B "imelala", tuachane nayo. Dawa tumeshanunua. Aanze?

Baba Nasra
Pole dada. Kuna mizizi inachemshwa, jirani yetu alikunywa. Nikuelekeze?

Maabara_Pwani
Dada, nakusihi, asimeze kidonge hata kimoja kwanza. Niko maabara miaka mingi na hili linaniuma kwa sababu linazuilika.

Virusi hivi vikikutana kwenye ini moja, mara nyingi C huibana B. Ndiyo maana B inaonekana imelala. Dawa za C, kama sofosbuvir na daclatasvir, ni nzuri mno, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanapona kabisa, lakini B haziigusi. C ikishaondoka, B inaweza kuamka kwa kishindo, ini likavimba hadi kushindwa kazi. Wapo waliofariki. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe kwenye dawa hizi. Kunjueni ile karatasi nyembamba iliyomo ndani ya boksi, msome sehemu ya maonyo.

Nendeni hospitali ya rufaa. Kwanza wahakikishe C bado ipo, maana kipimo cha haraka huonyesha kingamwili tu, na hizo hubaki hata kwa aliyekwisha kupona. Kinachotakiwa ni kipimo cha virusi vyenyewe. Halafu wingi wa B, hali ya ini, na VVU pia, kwa sababu tenofovir, dawa ya B, haitolewi peke yake kwa mwenye VVU. Mara nyingi tenofovir huenda sambamba na dawa za C na kuendelea wiki 12 baada ya kuzimaliza, wengine zaidi.

Baba Nasra, kwa heshima, mizizi hapana. Kila anachokunywa kinapita kwenye ini hilohilo.

Mwana_Tanga
Mungu akubariki. Nimeziweka kabatini, Jumatatu tunakwenda. Mkewe ana mimba ya miezi sita, na ameanza kumtengea sahani.

Maabara_Pwani
Sahani amrudishie, hawaambukizani kwa kula pamoja. Wembe na mswaki ndivyo kila mtu awe na chake, na kondomu mpaka mama apimwe. Apimwe zote mbili wiki hii. Akiwa hana B, achanjwe. C haina chanjo. Akikutwa na B, awaambie kliniki mapema ili mtoto achomwe chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na wao waone kama naye anahitaji tenofovir kabla ya kujifungua.